Kasuku na Maneno ya Baba

Dada yangu alibandikwa jina la Kasuku akiwa na miaka mitatu. Kila alichosikia alikirudisha vilevile kilivyo: kikohozi cha jirani, tangazo la redio, hata namna mama alivyomkaripia paka. Jina likamganda, na hadi leo watu wengi hawajui kwamba ana jingine.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya loji, yaani chama cha Wafrimasoni. Babu, mwashi wa matofali, ndiye aliyejenga kuta za ukumbi wa Wafrimasoni mjini kwetu, na baadaye akakaribishwa humo kama ndugu. Baba, fundi saa, akafuata nyayo zake. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mlinzi wa mlango: siku ya mkutano alisimama nje na upanga butu, akihakikisha asiyehusika haingii. Mama naye alikuwa katibu wa chama cha kina mama wa loji, na mshipi wake wa rangi tano ulining'inia kabatini kando ya gauni la harusi.

Kwetu sisi watoto, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya kupiga pasi. Shati jeupe, glavu nyeupe, na aproni ya ngozi ya kondoo ambayo baba aliifuta mwenyewe kwa kitambaa kikavu. Vyote viliingia kwenye mkoba mweusi, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mtaani walisema mengi. Kwamba tunakunywa damu. Kwamba baba anafuga nyoka anayetapika fedha. Mama alipoambiwa hilo bombani, aliweka ndoo chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo nyoka mnioneshe jamani," akasema, "maana mimi bado nafua mashuka kwa mikono."

Shuleni haikuwa rahisi kucheka. Wenzake walimzunguka Kasuku wakati wa mapumziko: "Sema basi, wanafanya nini mle ndani?"

"Wanachelewa kurudi," alijibu, akaendelea kula.

Kumbe alikuwa na mengi ya kusema kama angetaka. Mambo ya loji hayasomwi kwenye karatasi. Ndugu huyakariri, kurasa kwa kurasa. Baba alikuwa akijifungia chumbani, akitembea kutoka kitandani hadi dirishani, akirudia mistari yake kwa sauti ya chini. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili ndipo kilipokuwa kitanda cha Kasuku.

Siku moja, dada akiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikwama. Akarudia mstari mara tatu, mara nne, sauti ikizidi kupanda, neno haliji. Kasuku alikuwa jikoni anaosha vikombe, na neno likamtoka tu, kwa sauti, kama mtu anavyopiga chafya.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Baba akatoka.

"Kasuku, umesikia nini?"

"Nimekusikia wewe, baba."

"Yote?"

"Ukuta ni mbao, baba."

Baba akavuta kigoda akaketi. Hakukaripia. Alikaa akimtazama kama anavyotazama saa ambayo hajawahi kuifungua.

"Sisi tuliapa kwanza, ndipo tukajua," akasema hatimaye. "Wewe umejua bila kuapa. Sina kiapo cha kukupa, mwanangu. Amua mwenyewe."

"Sitamwambia mtu."

"Hata mama?"

"Hata mama."

Baba akampa mkono, wakashikana kama watu wazima wawili. Kesho yake alihamishia kabati kwenye ukuta ule, ingawa maji yalikuwa yameshamwagika. Na Kasuku, mtoto aliyeshindwa kunyamaza hata msibani, alilinda ahadi ile miaka kumi na mitano. Mimi mdogo wake nilikuwa nalala chumba kimoja naye, nisijue chochote.

Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka huo ndugu walimchagua baba kuwa Mkuu wa loji, cheo ambacho hata babu hakukifikia. Mama alinunua kitambaa cha suti. Kisha asubuhi moja dukani kwake, kioo cha fundi kikiwa bado jichoni, baba aliinama juu ya meza yake ya kazi na hakuinuka. Kiharusi.

Mwili ulianza kurudi baada ya wiki chache. Maneno hayakurudi. Ukimuuliza chai au maji, alisema "hapana". Ukimuuliza kama anaumwa, "hapana". Na machozi yalimlenga kwa sababu mwenyewe alijua kwamba hilo silo alilotaka kusema.

Muuguzi wa hospitali akatushauri, "Mtu akipoteza usemi, mara nyingine yale aliyoyakariri zamani hubaki. Jaribuni sala, au wimbo."

Tulijaribu. Sala alizipata mistari miwili. Nyimbo ndiyo kabisa, baba hajawahi kuimba hata bafuni. Mama alikata tamaa. Kasuku siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu akaenda kwa mjomba, akamkuta anapaka rangi geti lake.

"Mjomba, mtu akimrudishia mwenye siri siri yake, amevunja ahadi?"

Mjomba aliitumbukiza brashi koponi, akafikiri. Sidhani kama alihitaji kuelezwa zaidi.

"Mimi ni mtu wa mlango," akasema. "Kazi yangu ni kumzuia aliye nje asisikie. Baba yako yuko ndani siku zote. Nenda."

Kasuku alirudi nyumbani, akaniambia niwashe redio sebuleni, tena kwa sauti kubwa. Akamwomba mama akae nami. Akaingia kwa baba, akafunga mlango.

Mengine nilisimuliwa baadaye, ila si maneno yenyewe. Alikaa mbele ya baba, akaanza mstari wa kwanza. Baba akashtuka. Wa pili, wa tatu. Wa nne aliukatia katikati, akasubiri. Midomo ya baba ikahangaika, ikatetemeka, halafu neno likatoka zima, na la pili likalifuata, na mstari ukaisha.

Dada alitoka uso umelowa, akaomba maji.

"Amesema," akatuambia.

"Kasema nini?" mama akaruka.

"Siwezi kukuambia, mama."

Mama akamtazama, akatazama mlango, akaelewa. Akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akamkumbatia hadi glasi ikamwagika.

Kuanzia hapo walifanya kazi kila jioni. Kutoka kwenye mistari ile walichomoa neno mojamoja, "mkono", "mlango", "nuru", wakayatumia kwa mambo ya nyumbani. Ndugu wa loji nao hawakumtupa baba. Walikiacha kiti cha Mkuu kikimsubiri mwaka mzima.

Siku alipokikalia, sisi na kina mama tulikuwa ukumbi wa chakula, birika zimepangwa, hakuna aliyeweza kunywa. Mjomba alitoka mlangoni pake na upanga kwapani, jasho linamtiririka, akaja moja kwa moja kwa Kasuku.

"Hakukosea hata neno."

Walipotoka wote tukala pamoja, na baba akasimama kushukuru. Hapa hakuwa na mstari wa kushika. Ilibidi atunge yake. Alishikilia meza. "Mke wangu," akasema. Akapumua. "Ndugu zangu. Binti yangu..." Neno likagoma. Ukumbi mzima ulisubiri, na dada, aliyekuwa akimsaidia kila siku, safari hii hakufungua mdomo. "Binti yangu ni... mwaminifu." Wazee walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakampigia makofi mwalimu wa darasa la kwanza ambaye hakujua aitazame meza gani. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Mwaka uliofuata Kasuku aliacha kufundisha, akaenda kusomea tiba ya usemi. Ana mwaka wa kumi na tisa sasa kwenye chumba chake cha hospitali, chenye viti viwili na kioo cha ukutani. Mwezi uliopita nilimpitia nikamkuta na dereva wa lori ambaye wiki sita hakuwa ametamka kitu. Siku hiyo alilitaja jina la mkewe. Mke alimgeukia dada, akinong'ona, "Mwambie arudie."

"Mwambie mwenyewe," Kasuku akajibu, akivuta kiti chake nyuma kuwapisha. "Anakusikia."