Sisimizi wa Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa mtoto kule Kindu, wakati wa Wabelgiji, sisimizi walimfuata baba yangu. Mnaweza kucheka. Mimi sicheki. Baba alikuwa akibeba mizigo stesheni, kutoka kwenye mashua hadi kwenye mabehewa, mtu wa mabega mapana. Kisha akaanza kukonda, akawa anamaliza mtungi wa maji peke yake, na kila alipokojoa nyuma ya jiko, jua lilikuwa halijapanda sisimizi wamekwisha kujaa pale, weusi, wamepanga mstari.

Muuguzi wa dispensari alichemsha mkojo wa baba pamoja na dawa kwenye kichupa, ukageuka rangi ya tofali. Nilikuwepo, nimeshika kofia ya baba, nikasikia kwa masikio yangu.

"Uko na ugonjwa ya sukari, Papa Amisi. Kitu yote tamu, acha. Sukari, asali, ndizi ya kuiva, yote. Na kila asubuhi utakuya hapa nikupige sindano."

Baba aliitika. Alikwenda wiki mbili, na kidonda chake cha mguuni kikaanza kukauka.

Halafu akaja shangazi Faila. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na alifika kutoka Obokote na kibuyu cha asali ya msituni kikubwa kuliko kichwa changu. Alipowaona sisimizi alipiga makofi. Eti hao si wadudu, ni wajumbe wa marehemu babu yetu, aliyekuwa mrina asali. Eti mwanawe amehamia kwenye reli, anakunywa chai ya sukari ya Wazungu, asali ya ukoo ameisahau, basi mzee anatuma sisimizi kuidai.

"Lakini munganga amekataza asali," mama alisema.

"Asali haiko sukari!" shangazi akamkemea. "Sukari njo kitu ya mashini. Asali, Mungu mwenyewe aliipika. Itaua muntu namna gani?"

Mpaka leo maneno hayo yakinijia damu inanichemka. Itaua muntu namna gani! Mama mbele ya wifi yake mkubwa aliinama akachochea moto. Baba naye, nitasema ukweli, Mungu amrehemu, alikuwa na hamu ya kitu kitamu. Alitafuta mtu wa kumruhusu, akampata.

Kazi ikaniangukia mimi. Kwa desturi ya ukoo, asali ya namna ile mgonjwa hulishwa na binti yake wa kwanza, kwa kidole, alfajiri, kabla hajasema neno na mtu. Kila asubuhi nilichovya kidole kibuyuni, baba akalamba, akatabasamu.

"Mpaka sisimizi waende," shangazi alisema. "Wakienda, njo babu amekubali. Siku ile sindano basi."

Sisimizi hawakwenda ng'o. Waliongezeka, na mimi nikaogopa kwamba wakizidi watamchukua baba. Basi mchana mmoja, wakubwa wakiwa sokoni, nilichota majivu ya moto jikoni nikayamwaga pale nyuma, nikakanyagakanyaga. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu hapakuwa na sisimizi hata mmoja.

Hebu fikiri vigelegele vilivyopigwa! Shangazi alimkumbatia baba huku analia. "Umepona, ndugu yangu! Umepona!" Nikafungua mdomo. Nikamwona baba alivyofurahi, nikaufunga.

Dispensari hakukanyaga tena. Muuguzi alikuja mwenyewe kwa baiskeli kumwuliza, shangazi akamfukuza mlangoni. Kibuyu kilipokwisha, mguu wa baba ulikuwa umeoza hadi gotini, naye akawa mtu wa kusinzia tu, umwite asiitike. Tulimzika kabla ya mvua.

Na mnajua shangazi alisema nini mazishini? Eti sindano ndizo zilizomwua. Lo! Nilimchukia mwanamke yule mpaka akafa, na msibani kwake sikwenda. Alistahili hasira yangu. Lakini nilimtwika hasira yote yeye, hata ile iliyokuwa yangu mwenyewe, kwa sababu majivu sikumwambia mtu, hata mama.

Sasa nami nina ugonjwa uleule. Juzi mjukuu wangu Safi, msichana aliyesoma, aliniletea kopo. Dawa ya Kihindi ya kale, alisema, sukari ya kahawia isiyopita kiwandani. "Haina shida kwa watu wa sukari, Koko. Njo ya asili."

Ya asili! Nilitaka kulitupa lile kopo barabarani. Nikamwambia akae. Nikamwaga kijiko kimoja kwenye sakafu ya baraza, tukanywa chai yetu kavu, tukangoja. Vikombe vilikuwa bado vya moto walipofika, weusi, kwa mstari wao uleule. Ndipo nikamsimulia habari ya majivu, mwanzo hadi mwisho.

Safi alilia. Kisha akainuka kwenda kuchukua ufagio awafagie. Nikamshika mkono.

"Waache," nikamwambia. "Waache tuwaone."