Tepu ya Asteria Yaamshwa Ngokolo

Saa mbili asubuhi, Ngokolo, mjini Shinyanga. Mwaisha Salmini amefunga mlango wa kibanda chake cha ufundi ili vumbi lisiingie. Mezani, rekoda kubwa ya magurudumu mawili inazunguka taratibu, na tepu ya kahawia inapita mbele ya kichwa cha kusomea sauti. Mwaisha ameinamisha sikio.

"Ikianza kulia kama bawaba kavu, nazima," anasema. "Ukilazimisha, ile rangi ya kahawia inabanduka, na sauti inakwenda nayo."

Mwaisha, 52, ambaye wengi humwita Mama Amira, alifundishwa ufundi na marehemu baba yake. Siku nyingi hutengeneza redio na spika za wachimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, kazi inayompatia kama shilingi 15,000 kwa siku. Tepu za zamani huja mara chache. Tangu aanze ameokoa thelathini na nane.

Anayoikumbuka zaidi ililetwa Machi mwaka huu na Justa Maduhu, mwalimu wa shule ya msingi. Ilirekodiwa mwaka 1980 katika tamasha la muziki wa klasiki kwenye kanisa la kijijini kwao: Misa ya Kilatini, waimbaji ishirini, violini nne na kinanda, waumini wakisikiliza. Mama yake Justa, Asteria, aliimba peke yake sehemu moja. Miezi mitatu baadaye alifariki, akamwacha Justa mchanga.

"Nilimwambia Mama Amira, picha ya mama ninayo, sauti yake sijawahi kuisikia," anasema Justa.

Tepu ilikuwa inanata kwa unyevu. Mwaisha alikataa kuicheza. Aliazima mashine ya kuangulia vifaranga ya jirani yake Ngassa, akapandisha joto hadi nyuzi hamsini, akaikausha tepu humo kwa saa nane. Ngassa alidhani anataniwa.

Siku ya kuinakili kwenye kompyuta, Justa alikuja na mama yake mkubwa, Klara, mwenye miaka 76. Muda mfupi kabla ya sehemu ya Asteria, mahali tepu ilipowahi kuungwa zamani pakaachia, ikakatika.

"Nikazima rekoda papo hapo," anasema Mwaisha.

Aliunga kwa wembe na utepe mwembamba wa gundi, akawasha tena. Kikasikika kikohozi, kisha mtoto akaanza kulia kwa nguvu. Mwaisha akawaomba radhi, akaahidi kukiondoa kilio hicho kwenye nakala.

Klara akamshika mkono. "Usikiondoe," akasema. Kisha akamgeukia Justa: "Huyo ni wewe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekubeba."

Asteria akaanza kuimba. Kufikia mstari wa pili mtoto alikuwa amenyamaza.

Justa alisema neno moja tu, la Kisukuma: "Mayu." Mama.

Tangu siku hiyo Klara, anayeikumbuka Misa nzima kwa moyo, huwafundisha wanakwaya wa parokia kila Jumamosi. Mwaisha naye amebakiwa na tepu moja mpya, haijafunguliwa, aliyoachiwa na baba yake. Yeye ni Mwislamu, lakini amekwishamwomba padri nafasi ya kuirekodi kwaya hiyo kanisani mwezi Desemba.

"Miaka yote nimetunza walichorekodi wengine," anasema. "Safari hii nitaweka maikrofoni mbili, niwashe rekoda, nikae kimya waimbe."