Feni Yangu na Kona ya Tisa

Mke wangu hunusa kwanza. Mletee kompyuta ya gari, yaani lile sanduku dogo la bati linaloiambia injini lini ipulize mafuta na lini iwashe moto, na hataligusa kwa bisibisi kabla hajaliinua hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi kama anayekagua maziwa ya jana. Likinuka samaki aliyechacha, basi kapasita za ndani, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, zimevuja na nusu ya kazi imekwisha. Lisiponuka kitu, anatabasamu, maana hapo ndipo raha yake inapoanza. Nimekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka kumi na minane na bado cherehani yangu husimama kila anaponusa. Mtanisamehe, nampenda, na humu nitamsifia mpaka mchoke.

Mimi ni fundi cherehani. Upande wa dirisha ni wangu: cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi ya mkaa ninayoitoa umeme ukikatika. Upande wa ukuta ni wake. Visanduku vimepangwa kwenye rafu, kila kimoja kimebandikwa kipande cha plasta chenye maradhi yake: "Huzima mvua ikinyesha." "Hukataa asubuhi." "Mwenyewe anasema amelogwa." Katikati ya pande hizo mbili, juu ukutani, kuna feni moja ya pamoja. Naiomba feni hiyo isisahaulike.

Alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na zile televisheni nene zilipoadimika akabaki na chuma chake cha kulehemu na mikono isiyo na kazi. Ndipo makanika mmoja alipomletea sanduku kutoka kwenye gari la spoti la zamani, akamwambia, "Mama, hili limetushinda, cheza nalo tu." Akacheza nalo siku tatu. Siku ya nne gari likanguruma, na tangu hapo watu humwita Daktari. Magari ya kisasa hayamvutii hata kidogo. Unachomeka mashine, nayo inakusomea ugonjwa wake wote kama mgonjwa mwenye kidomodomo. Gari la zamani ni bubu. Litakukonyeza kwa kitaa kimoja cha manjano, basi, mengine utafute mwenyewe, na yeye hakuna anachokipenda kama kutafuta mwenyewe.

Sasa nije kwa dada yake, maana yote yalianzia kwake. Dada Mkubwa ndiye aliyemlea mke wangu baada ya mama yao kufariki. Ni mkunga wa hospitali, ana miaka hamsini na minne, na mikono yake haitetemeki hata mtoto akizaliwa ametanguliza miguu. Ana gari la spoti lenye milango miwili, jekundu lililopauka, dogo na lenye kurukaruka, kwa hiyo tunaliita Kiroboto. Kila mwaka chama cha wenye magari ya zamani huwa na mashindano ya kupanda mlima: kona kumi na mbili, gari moja moja, saa mkononi. Dada Mkubwa ameshindana miaka mitatu. Miaka yote mitatu Kiroboto kilimzimikia palepale, kona ya tisa.

Na ubaya wake ni huu: akikaa kando ya barabara nusu saa, kinawaka. Kinapofika chini kwa fundi mkuu wa chama, bwana mmoja tunayemwita Profesa kwa wingi wa maneno, kinawaka mara moja, kinanguruma bila aibu. Profesa hufuta mikono, husema, "Gari nzima hii. Kona ya tisa inatisha, mtu anaachia mafuta, inazima. Ni uoga tu, wala si jambo la kuonea haya." Akisema hivyo natamani kumshonea mdomo, na sindano ninazo.

Mwaka jana Dada Mkubwa alileta kile kisanduku kwa mke wangu. Mke wangu alikinusa, akakifungua, akakiweka mezani. Ana kijimashine alichokiunda mwenyewe, kinachoidanganya kompyuta kwamba injini inazunguka. Mahali pa nozeli nne za mafuta huweka taa nne ndogo. Taa zikikonyeza kwa zamu, kompyuta inafanya kazi. Zilikonyeza saa mbili mfululizo. Akamwambia dada yake, "Dada, hiki ni kizima." Dada Mkubwa akaitikia kwa kichwa, akalibeba sanduku lake. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa nzima, nyaya nzima na pampu mpya, aliyebaki na kosa alikuwa nani?

Mwaka huu, Jumatano ya wiki ya mashindano, alikuja na sanduku lilelile kwenye mfuko.

"Orodha ya madereva inafungwa kesho kutwa mchana," alisema. "Nimeandika barua. Najitoa. Profesa atakiendesha Kiroboto badala yangu."

"Profesa?" Mke wangu nusura aangushe bisibisi.

"Aliomba. Amesema akikaa mwanamume kwenye usukani watu wataona. Basi waone." Akaniangalia. "Shemeji, usinitazame hivyo. Likague tu, mdogo wangu, lisimsumbue. Kesho jioni nikitoka zamu nitalipitia."

Akaondoka. Alitembea kama mtu aliyekwisha kuaga. Mke wangu akalifungua lile sanduku kwa heshima tu, akaziwasha taa zake nne, zikakonyeza jioni nzima. Sikuona tabasamu usiku huo wala asubuhi yake.

Alhamisi, saa tano, umeme ukakatika. Kwake haikuwa shida, kwa sababu vipimo vyake na chuma chake cha kulehemu hutumia betri ya gari. Akaliacha sanduku la dada yake mezani, taa zikikonyeza, akageukia kazi nyingine. Mimi nilikuwa na suruali ya suti ya watu, basi nikawasha pasi ya mkaa. Meza yangu ilikuwa imejaa vitambaa, kwa hiyo kila nilipotaka kupumzisha mkono niliiweka pasi kwenye kigae pembeni mwa meza yake. Bati la paa lilikuwa linaoka kila kilichokuwa chini yake, na jasho likaniingia machoni. Nikafuta uso, nikatupa jicho upande ule. Taa zote nne zilikuwa zimezimika.

"Mama watoto, betri yako imekufa."

"Haiwezi. Nimeichaji jana."

Akaja, akapima. Betri ilikuwa imejaa. Akaigusa bodi ya kompyuta kwa kidole, akakiondoa haraka. Akaitazama pasi yangu. Halafu akainua macho polepole ukutani.

"Feni imesimama tangu saa ngapi?"

"Si tangu umeme ulipokatika?"

"Na mwaka jana, nilipopima, ilikuwa inazunguka?"

"Mama, nishone bila feni mimi? Si nitayeyuka? Ilikuwa inazunguka, tena nimeielekeza huku mezani kwako ili sote tupate."

Alipiga ukelele mpaka jirani muuza viatu akaja mbio akiwa na kiatu kimoja mkononi. Akanyakua boksi la vifungo vyangu, akamwaga vifungo sakafuni, akaanza kuipepea ile bodi kwa kifuniko. Akapepea, akapepea. Taa ya kwanza ikakonyeza. Ya pili. Zote! Nikasogeza pasi karibu. Zikafa! Tukapepea, zikafufuka. Tulirudia mara saba, watu wazima wawili wenye watoto wa sekondari, tukirukaruka juu ya vifungo, na muuza viatu akatuhesabia bila kujua anahesabu nini.

Mnaelewa ilikuwaje? Kompyuta ya Kiroboto hukaa chini ya zulia, miguuni pa abiria, imefungwa kifuniko, haipati hewa. Injini ikisubiri zamu kwenye foleni, kisha ikipanda mlima kwa nguvu zote, joto hujaa mle mpaka kitu fulani kinaachia, na hilo hutokea kona ya tisa. Likikaa nusu saa linapoa, kila kitu kinashikana, na Profesa anapata gari zima la kuhubiria. Na sisi hapa tulikuwa tunalipima sanduku likiwa wazi, linapepewa na feni ya fundi cherehani.

"Kitu gani kinaachia?" nikauliza.

"Ndicho ninachotaka kukijua." Macho yake yalikuwa yanawaka. "Nipe ile sindano yako ya plastiki ya kufumia. Na kioo chako cha kukuzia."

Bodi ikiwa ya moto na taa zimekufa, akaanza kukibonyeza kila kipande kwa ncha ya ile sindano, taratibu, kimoja baada ya kingine. Kimya. Kimya. Alipogusa rilei, kile kijisanduku cheusi kinachopitisha umeme wa nozeli zote, taa zikawaka. Akaondoa sindano, zikazima. Akainama na kioo ninachotumia kutungia uzi. Kwenye mguu mmoja wa rilei, risasi ya kulehemu iliyoushikilia ilikuwa na ufa mdogo uliouzunguka mguu mzima, mwembamba kama unywele. Akanipa kioo nami nikauona. Miaka mitatu ya mtu ilikuwa imepotelea kwenye ufa ule!

Nilidhani atalehemu hapo hapo. Chuma kilikuwa tayari, kazi ya dakika mbili. Badala yake akakaa kwenye kigoda, furaha yote ikamtoka usoni.

"Mimi ndiye niliyesema ni kizima," alisema. "Profesa ni mdomo tu, dada hamsikilizi Profesa. Alinisikiliza mimi."

Nikaanza kuokota vifungo.

"Basi lehemu, umpe habari njema."

"Nikilehemu sasa, atabaki na neno langu tu. Neno langu alishalipata mwaka jana." Akaweka chuma chini. "Aone mwenyewe likifa."

Mchana ule ulikuwa mrefu, nao mguu mmoja tu wa rilei ulikuwa unatutesa wote. Dada Mkubwa alifika jioni na sare yake ya hospitali, uso umechoka. Mke wangu alimweleza yote, feni na vyote, wala hakujitetea. Dada Mkubwa alisikiliza hadi mwisho.

"Mwaka jana pia ulikuwa na hakika," akasema.

"Nilikuwa na hakika, na nilikosea. Shika hii." Akampa pasi yangu.

Mkunga yule akaishika pasi juu ya bodi, mkono umetulia tuli. Taa zilikonyeza, zikakonyeza. Kisha zikazimika zote nne mara moja, kama alivyozoea kuzimikiwa. Akanirudishia pasi, akafungua mkoba, akatoa barua yake ya kujitoa na, bila kuifungua, akaanza kuipepea nayo ile bodi. Taa zikarudi. Aliendelea kupepea hata baada ya kurudi, mpaka bahasha ikapinda.

"Lehemu," akasema.

Mke wangu alilehemu. Akafunga kifuniko, kama kinavyokaa kwenye gari, akalioka sanduku kwa pasi saa nzima. Taa hazikuyumba. Kesho yake jina la Dada Mkubwa lilikuwa palepale kwenye orodha, na nimeambiwa Profesa alilisoma mara mbili.

Jumapili mimi na mke wangu tulisimama juu kabisa, kwenye mstari wa mwisho. Ukiwa pale huoni kona, unasikia tu. Profesa alikuwa kando yetu na saa yake, akimweleza kila aliye karibu jinsi kona ya tisa inavyohitaji kifua. Kiroboto kilikaa kwenye foleni chini dakika ishirini juani, injini ikiwaka, na roho zetu zilikuwa juu juu. Halafu tukasikia kimeondoka.

Mke wangu alinishika mkono wa shati, shati nililolishona mwenyewe, akahesabu kona kwa sauti. Nne. Tano. Sita, gia ikashuka. Saba. Nane. Hapo akaacha kuhesabu. Injini ikanyamaza kidogo, kama pumzi moja, nami nikahisi mshono wa bega langu unaachia. Alikuwa anabadilisha gia tu! Sauti ikarudi kwa kishindo, ikapanda, ikapanda zaidi, na nikajikuta napiga kelele za kona ya kumi, ya kumi na moja, kama mwendawazimu, na kile chekundu kilichopauka kikatokea kona ya mwisho kimelala upande mmoja, kikavuka mstari.

Kati ya magari kumi na moja alikuwa wa nne. Profesa alimwendea na daftari, akasema, "Dada, zima gari tuikague."

"Haizimwi," akajibu. "Imezimika ya kutosha."

Mke wangu alikuwa keshafika dirishani. Dada Mkubwa alikuwa bado ameshika usukani, mguu wake bado ukikanyaga mafuta taratibu.

"Mwaka jana nilikuwa nikikaribia kona ile nauogopa mguu wangu mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nauangalia mguu. Kumbe siyo mimi."

"Nisamehe, dada," mke wangu akasema, machozi yanamtiririka. "Mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza kwanza." Akamvuta kichwa ndani ya dirisha, akakilaza begani pake. "Isikilize injini."