Wosia Uliojaa Ng'ombe

Juzi nilikuwa Thika, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, pale karani wa barua anapopigia watu taipu. Mbele yangu alikaa mzee wa Ruiru, koti zito na kofia, amekuja kuandikiwa wosia. Nyuma yake alisimama mke wake mdogo na mtoto mgongoni.

Karani akauliza, "Mzee, watoto wako ni wangapi?"

Mzee akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Watoto hawahesabiwi! Unataka wafe?"

"Basi nitajie majina tu."

"Kutaja ni kuhesabu. Andika wagawane vizuri."

Mwiko huo naujua, nimelelewa nao: watoto na mifugo hawahesabiwi, wasije wakafa. Kisha wakafikia habari ya ng'ombe. Uso wa mzee ukalainika, akawataja mmoja mmoja: yule mwekundu, yule wa pembe moja, yule mwenye doa na ndama wake.

"Ng'ombe nao si hawahesabiwi?" karani akauliza.

"Sihesabu. Nataja tu."

Mke akasogea. "Na huyu wa mgongoni je, mzee?"

Akampungia mgwisho kama anayefukuza nzi. "Nyamaza, usituletee mkosi."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akabandika, akaondoka akitabasamu. Eti ametengeneza boma lake! Wazee wa namna hii wamejaa kwetu. Ng'ombe wake hawatapotea, maana wameandikwa. Watoto ndio watakaohesabiana wenyewe, kwa panga.