Tambi za Zerahi

Kwa miaka arobaini Zerahi Abulafia alisokota tambi za pamba katika kichochoro cha Nahlaot, Yerusalemu, na kila Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane ambapo kila jioni huongezwa taa moja, alipita dirisha kwa dirisha akikagua taa za majirani kana kwamba zimewashwa kwa ruhusa yake. Mafuta yasiyo ya zeituni aliyaita maji ya kuoshea vyombo. Watu walimvumilia, maana tambi zake kweli ziliwaka wima.

Mwaka mmoja akahamia kichochoroni Bi Fortuna, mjane asiyekosa jibu. Jioni ya kwanza ya Hanuka Zerahi alichungulia dirishani kwake, nusura azirai. Mafuta ni yale aliyokaangia maandazi. Tambi ni vipande vya fulana kuukuu.

"Dada, hii ni taa au jiko?"

"Imewaka, haijawaka?"

"Inanuka."

"Inanukia, mzee. Pua yako ndiyo mbovu."

Na kweli, kichochoro kizima kilijazana mbele ya dirisha lile, kikimeza mate. Kwa Zerahi hakukuwa na mtu. Akaenda moja kwa moja kumshtaki kwa Rabi Menashe.

"Mafuta yote yanafaa," alisema rabi. "Na tambi zote. Zeituni na pamba zinapendeza zaidi, basi."

"Lakini ni marufuku kuutumia mwanga wa taa za Hanuka. Watu wanafaidi pale."

"Mwanga, ndiyo. Harufu haikutajwa."

Zerahi akaketi bila kukaribishwa. "Kama hata fulana inafaa, mimi nimefanya nini miaka arobaini?"

Aliuliza kwa uchungu wa kweli, na rabi, mtu wa majibu, akaanza kutafuta miwani yake.

Siku tatu Zerahi hakutoka kukagua. Majirani walifurahia amani, kisha ikawatia wasiwasi. Siku ya tano, jua likizama, Bi Fortuna akambishia hodi na sahani ya maandazi.

"Mzee, huku nje watu wanawasha ovyo."

"Waache. Yote yanafaa."

"Najua yanafaa. Hata marehemu mume wangu alifaa. Leo nataka kinachopendeza. Nisokotee sita: tano, na moja ya kuwashia nyingine."

Zerahi alijifuta sukari vidoleni, akasokota. Kisha akasimama nje ya dirisha la Bi Fortuna, akazitazama zikiwaka wima ndani ya mafuta ya maandazi.

"Ya tatu umeiweka upande," alisema hatimaye.

Bi Fortuna aliiacha vilevile. Kesho yake akaweka mbili upande, makusudi.