Mkono wa Tanuri

Nyumba yangu ya mawe hapa Mtambile nimeijenga kwa mkate wa mofa. Skuli niliishia darasa la pili, na herufi zangu mpaka leo zimelala ubavu, lakini wa kunifundisha moto hajazaliwa. Mkono wangu wa kulia huingia tanurini, hubandika donge la unga ukutani, hutoka. Basi ziwa la kulia lilipoota saratani, sikulililia ziwa. Lishanyonyesha, kazi yake imekwisha. Niliulilia mkono.

Jirani yangu mmoja alikatwa ziwa zamani. Kwa maumivu akaukumbatia mkono kifuani, mpaka ukagoma kunyanyuka.

Hospitali nikamwambia daktari wa usingizi, binti mdogo tu, "Mwanangu, kateni mtakacho, mkono niachieni."

"Mie sikati, bibi, mie nalaza," akasema. "Lakini nitakupiga sindano ya ganzi ubavuni, kwenye mishipa inayopeleka maumivu. Ukiamka kifua kitakuwa kimya. Hapo hapo anza kuunyanyua mkono, kidogo kidogo."

Nikaamka, kweli kimya. Nilijua nimekatwa kwa kuiona bandeji. Nikanyanyua mkono mpaka usawa wa bega, nikashusha.

Akaja dada yangu na chupa ya chai. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto, na mkandaji wetu ndiye yeye. Akanikuta natafuna ndizi.

"Mbona hulii?"

"Nilie nini?"

"Basi hawa hawajakukata. Wamekufunga matambara tu."

Chupani hamkuwa na chai, mlikuwa na maji yaliyotoka kutokota. Akachovya kipande cha kanga, akanibandika ubavuni, chini ya bandeji.

"Yamepoa," nikamwambia. "Tia mengine."

"Yamepoa! Na mie vidole vyaniwaka?"

"Vidole vyako vya kushonea kofia. Mie mtu wa tanuri."

Daktari akaingia, akauona mvuke, akakinyakua kile kitambaa. "Bibi! Hapo pana ganzi, utaungua usijue!"

Nikambishia. Moto naujua tangu mama yake hajaolewa. Daktari akatoka, akarudi, akaniambia nifumbe macho.

"Nimekugusa na nini?"

"Hujanigusa."

"Haya, tazama."

Kipande cha barafu kiko ubavuni pangu, maji yanachirizika mpaka kwenye shuka. Hapo nikaisogeza mbali chupa ya dada.

Kesho yake ganzi ikaondoka. Kidonda cha kisu kiliuma kwa kiasi, nikameza vidonge vyao. Kilichoniwasha hasa ni pale alipokanda dada. Lakini mkono ulishazoea kupanda, sikuuacha ulale.

Nilipopona na kuruhusiwa, nikawasha tanuri. Dada akasimama karibu, donge mkononi, tayari kubandika yeye nikishindwa.

"Nipe," nikasema.

Mkono ukaingia, ukafika ukuta wa nyuma, ukabandika. Moto ukaniunguza vinyweleo mpaka kiwikoni.

"Vipi, moto umepoa?" akauliza dada.

"Wauma," nikamwambia, nacheka. "Lete donge jengine."