Barua Iliyokuwa Ndani ya TEMP

Msije mkaniambia nilisinzia. Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, jua linawaka, na mie nilikuwa macho makavu, tena nimekasirika.

Miaka hiyo kompyuta ndiyo zinaanza kuingia mitaani. Nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye kiduka kimoja Mwananyamala. Mashine yetu ilikuwa mtumba, diski yake ndogo, kila wiki inajaa. Bosi akaweka utaratibu: kazi ambayo mwenyewe hajaifuata tuihamishie kwenye saraka ya TEMP, pamoja na mafaili ya muda ambayo mashine hujiwekea yenyewe, halafu Ijumaa nifute yote. Saraka ya DOS tu, ile inayoendesha mashine, ndiyo ilikuwa haiguswi. Utaratibu gani huo, jamani? Lakini ningesema nini, duka lake.

Siku hiyo mashine ilinigomea mara tatu, diski imejaa. Bosi kaenda kuswali, mie nimetia komeo mlangoni. Ile naanza kufuta, nikanyanyua macho: Bi Zuhura kasimama kwenye kaunta. Ni mama mtu mzima, wiki mbili nyuma alikuja nikamchapia barua ya kumpa bintiye wa Tanga, yeye akinitajia maneno, nikamwandikia jina la faili kwenye kikaratasi ili binti aje kuifuata. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Mtu mzima wa Pwani asiitikie shikamoo? Ningeshtuka, ila hasira zilishanijaa.

"Yangu imo humo," akasema. "Mwanangu anaifuata."

Nikamwambia aje Jumatatu, nikampa mgongo. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Kugeuka, hayupo, na komeo liko vilevile nilivyolitia.

Jumatatu akaja binti na kikaratasi chenye jina la faili, mwandiko wangu. Akaniambia mama yake, Bi Zuhura, alifariki Jumatano iliyopita, wakamzika Alhamisi. Nikahangaika kuirudisha ile barua, wapi! Kazi nyingine zilishaandikwa juu yake.

"Basi niambie tu alisemaje," akaniomba. Nilikuwa nimechapa barua nyingi mno. Sikukumbuka hata mstari mmoja.

Nimeshabadilisha mashine tatu. Kila Ijumaa saa saba nikifungua TEMP nakuta faili lenye jina lile, ndani hamna neno. Silifuti.

Na wewe unayependa kusafisha diski, kazi ya mtu iwekee saraka yake, weka nakala kwenye disketi, funga programu zote, na utazame faili mojamoja kabla hujafuta. Mtu mzima akisimama mbele yako asiitikie shikamoo, acha unachofanya umsikilize.